Majuma tatu bila serire

"Papa, mwizi hakukuya na lufungula. Alikuya na turnevisi."

Njo gisi nilimujibu Papa ile lundi asubuhi, siku ya kwanza ya kazi. Ye alikuwa anasema hawezi kumupatia fundi mwenye hamujue lufungula ya motokari yake, hata ni kwa kutengeneza serire, ile kufuli ya mulango, juu fundi ataifinya mu kipande ya sabuni, atatengeneza ingine sawasawa, na siku moya atarudia kukamata motokari polepole bila hata kuamsha mbwa. Mbwa yetu anaamkaka tu wakati ya kula, lakini ile sikusema. Nilisema ile ya turnevisi, bisibisi ya mafundi, na Papa aliniangalia sawa nimemukanyanga kidole.

"We mutoto unabishaka sana," akasema. "Tutangoya fundi yangu."

Fundi yake alikuwa Kilwa, kule ku ziwa. Alienda kule kutengeneza moteri ya mashua ya ndugu yake, aliaga juma moya, na sasa ilikuwa juma ya tatu. Mvua ilishaanza. Barabara ya Kilwa tunaijua: mu mvua, muntu anarudiaka wakati barabara inapenda, haiko wakati ye anapenda.

"Papa, uko nangoya fundi, ao uko nangoya mvua iishe?"

"Niko nangoya muntu mwenye ninajua fasi analala."

"Bon. Huyu mwengine akuye atumike hapa mu lupango, mu kiwanja yetu. Mi nitakaa pembeni yake. Lufungula nitaivaa ku shingo, haitatoka, hata dakika moya. Akitaka kupima, mi njo nitaitia mu tundu."

Papa alifikiri mingi. Alikuwa anachelewa kazi, na siku hizi alikuwa anaendaka na taksibisi kama Kambo, mama yake, hana kutoka, juu ile motokari hawezi kuiacha mu ville, katikati ya muji, mulango wazi. Kiisha alivula lufungula ku mukaba yake na kunipatia, polepole, sawa alikuwa ananipatia mutoto mudogo.

Mi nilimaliza sekondari mwaka ilipita. Niko nangoya kuingia universite, na kungoya njo kintu siwezi. Njo maana nilibisha vile.

Niseme kwanza gisi ile serire iliharibika. Kambo, mama ya Papa, alianguka mu dushi eko naoga na kuvunja paja. Bakamupasula, akapona, na docteur akamutuma ku kine, kule mu ville, fasi banafundishaka bantu kutembea tena. Anaendaka mardi na vendredi, siku ya pili na ya tano ya kazi. Docteur alisema wazi: kama ile muguu haijifunze kumubeba mbele ya mwisho ya mvua, itakauka vile, na Kambo atabakia muntu ya kukaa. Minibisi hawezi, kipandio iko yulu na bantu banasukumana. Njo Papa anamupelekaka na motokari, mbele ya kuingia kazi.

Ile motokari ni sawa mingi ya hapa kwetu: ilitoka inchi ya mbali, usukani iko ku kuume, na shiye tunatembezaka ku kuume ya barabara. Donc ukisimama, mulango ya shofere inaangalia mufereji na ukuta, haiangalie barabara. Muntu akichuchuma pale, bantu benye kupita habamuoni. Mwizi alijua ile muzuri.

Ile siku Papa alikuwa ndani ya ile centre ya kine, amemukamata Kambo mukono. Ye njo mutoto mukubwa ya kwabo. Kwetu, kama mama iko natembea na nguvu kidogo, mwana yake mukubwa anamukamata mukono, na bantu banaona. Kama hamukamate, bantu banaona pia, na ile njo banakumbukaka. Mi nilikuwa nimetangulia mbio kukamata jeton, ile nimero ya zamu, juu ukichelewa ku jeton unakaa ku banc ya kungoya paka saa sita. Inje, mwizi alikuwa ametia turnevisi mu tundu ya lufungula na eko naipiga na jiwe. Mama moya mwenye anauzishaka inite, vocha ya telefone, alimuona, akapiga makelele, na mwizi akakimbia. Hakubeba kintu. Mu motokari mulikuwa tu mutosala ya Kambo ya kukalia na mukate. Lakini ncha ya turnevisi ilivunjikia ndani ya serire, na kabuto, ile unasukumaka chini juu mulango ikamate, ilikuwa napanda yenyewe. Unasukuma, kanapanda. Unasukuma, kanapanda. Muntu yote angeweza kufungula.

Toka pale Papa akaamua kubakia mu motokari kuilinda. Alianza kutushusha mbele ya centre, kiisha kwenda kusimama ngambo ya pili ya barabara, karibu na ile mama ya inite, juu macho ikuwe ine haiko mbili. Mi njo nilikuwa ninapelekaka Kambo. Ile ilimuuma sana Papa. Kila mara Kambo akishuka, anamuambia: "Mama, unisamehe, ni juu ya serire." Na Kambo anajibu mbio mbio: "Hakuna neno, baba. Linda motokari."

Mi niliona ni haya kabisa. Mwana mukubwa eko nalinda chuma, na mama yake eko na mutoto mwenye hajue kutembea polepole. Nikasema: mbele ya kesho mardi, hii serire itafunga, na Papa atarudia fasi yake.

Fundi alifika na velo, baiskeli yake, sanduku ya bintu byake imefungwa nyuma na kamba ya kawuchu. Ni muntu mufupi, anavaa miwani yenye mukono moya ni waya. Mama yangu alishaenda ku soko. Mu lupango tulikuwa tu mi na Kambo. Kambo alikaa ku kiti yake pembeni ya motokari, na sahani ya karanga ku magoti, eko natosha maganda.

"Lufungula iko wapi?" fundi akauliza.

Nikamuonyesha ku shingo.

"Unipatie."

"Apana. Ukiitaka, unaniita."

Akaniangalia yulu ya miwani. "Mamzele, unaivaa sawa medali ya mutakatifu. Papa yako njo alisema?"

"Mi njo nilisema."

"Bon. Basi usiende mbali, mutakatifu."

Kambo akachekea mu karanga.

Alitosha plastike ya ndani ya mulango, akaingiza mukono paka ku bega, akakamata serire na kuitosha. Ni kintu kidogo kuliko vile nilifikiri, inaenea mu mukono ya mutoto. Akatosha ncha ya turnevisi na kapensi, koleo ndogo, akanipatia. "Uchunge. Ni salamu ya mwizi." Kiisha akasukuma ile moyo ya serire inje, ile yenye inazungukaka na lufungula, na ndani yake mukatoka bipande saba ya mukuba, shaba ya manjano, bidogo sawa kucha ya mutoto. Anabiita payeti. Akabipanga moya moya ku kitambaa, mu mustari. Moya yao ilipindama. Akainyoosha na nyundo ndogo yulu ya jiwe, akairudisha fasi yake. Kiisha akatafuta resor, ile waya bidogo ya kuzunguka yenye inasukumaka payeti. Mbili zilikufa.

"Ninaenda kwa mwenzangu kule mwisho ya avenue kutafuta resor," akasema. "Hapa usiguse."

Nilikaa. Nilikaa kweli, dakika tano. Kiisha niliangalia bile bipande: byote biko neusi ya mafuta ya zamani na mavumbi. Nikasema mu roho, huyu fundi akirudia atatumika saa moya kubisafisha. Kama mi ninabisafisha sasa, mbele ya saa sita tutamaliza. Nikaenda kutafuta brosi ya meno ya zamani na esansi kidogo, petroli ya motokari, mu kifuniko ya mukebe.

"Mama," Kambo akasema. Ananiitaka vile juu balinipatia jina ya mama yake. "Fundi alisema usiguse."

"Kambo, siguse. Niko nasafisha."

Nikabitia byote saba mu kifuniko. Nikabipiga brosi upande na upande, nikabisuuza, bikaanza kungaa sawa pete. Nikabipanga tena ku kitambaa, mu mustari muzuri kupita ile ya fundi. Nilikuwa na furaha.

Fundi akarudia, akaegesha velo, akachuchuma. Akaangalia kitambaa. Akageuza payeti moya na kidole.

"Mamzele, ulisafisha."

"Ndiyo."

"Safi kabisa. Hata sahani ya ndoa haingae vile." Akatosha miwani, akaifuta ku shati, akaivaa tena. "Sasa uniambie. Ya kwanza njo gani?"

Nikaangalia. Byote saba bilikuwa sawa. Nikaona mashikio yangu inawaka moto.

"Mwizi alinipatia kazi ya saa moya," fundi akasema. "We unanipatia kazi ya siku muzima. Kama banawakamata mweye wawili, mi nitasema bamuachilie mwizi."

Kambo alicheka paka karanga zikamwangika chini. Mi nilichuchuma kuziokota, juu sikutaka baone uso yangu.

"Mi njo nitazirudisha," nikasema.

"Ndiyo, ni we. Lufungula haiko ku shingo yako?"

Akanionyesha. Kila payeti iko na tundu katikati, na ile tundu haiko fasi moya: kwa ingine iko yulu kidogo, kwa ingine iko chini. Meno ya lufungula njo inapandishaka kila moya kwa kipimo yake. Kama payeti iko mu fasi yake kweli, ukiingiza lufungula, inalala ndani, na kidole inapita yulu ya ile moyo bila kusikia kintu. Kama iko mu fasi ya mwenzake, inatokeza kidogo sawa jino ya mutoto, na serire haiwezi kuzunguka. Basi unatia moya, unaingiza lufungula, unapitisha kidole. Inatokeza, unaitosha, unatia ingine.

"Usiangalie na macho," akaniambia. "Usisukume. Uguse tu."

Ye akaingia mu mulango kutengeneza na waya ile chuma ya kabuto yenye mwizi alivunja. Mi nikakaa chini ku muguu ya Kambo, kitambaa ku magoti, shingo nimeinamisha juu kamba ya lufungula ni fupi na nilisema haitatoka.

Payeti ya kwanza nilipata ku mara ya tano. Ya pili ilikataa. Nilitia ile moya mara tatu bila kujua ni ile ile. Resor moya iliruka, tukaitafuta mu muchanga na Kambo anaonyesha na fimbo: "Pale. Apana, ile ni ganda." Nilikuwa nasikia muntu anatembea ndani ya kifua yangu, anaenda, anarudia.

"Usikimbie, mama," Kambo akasema.

"Kambo, kama simalize leo, kesho Papa atabakia tena mu motokari."

"Na akibakia?"

"Nani atakukamata mukono?"

"Nani ananikamataka sasa?"

Nikataka kujibu ni mi. Kiisha nikafikiri. Mi, tukishuka tu, ninakimbiaka ku jeton. Ninarudiaka kumutafuta wakati nilishapata nimero, na ninamukutaka alishafika ku mulango, yulu ya bipandio. Papa eko ngambo ya pili, na usukani yake iko ku kuume, donc uso yake inaangalia ukuta ya kule, macho mu retroviseur, kioo ya kuangalia nyuma. Hakuna muntu.

"Kambo, unapandaka bile bipandio peke yako?"

"Biko ine." Alipasua karanga, akatia mu mudomo, akatafuna mbele ya kuendelea. "Mara ya kwanza nilikamata chuma ya pembeni na mikono yote mbili, na nililia kidogo. Kiisha mukono moya. Vendredi yenye ilipita nilikamata fimbo tu."

"Na hukusema?"

"Nikisema, baba yako atasikia haya. Atafunga ile mulango na kamba, atatoka, atanikamata." Akanyoosha mukono, akanionyesha gisi Papa anamukamataka, chini ya kwapa, na nguvu. "Eko na roho muzuri, mutoto wangu. Lakini ananibeba sawa kitunga ya mayai. Ninafika, ndiyo. Muguu yangu njo haifike. Inakanyanga upepo."

 Lufungula ilikuwa mu mukono yangu, na payeti moya imetokeza.

"Na we unanikimbiaka," Kambo akasema. "Ile iko muzuri sana. Usiache."

Niseme ukweli: nilisikia haya na nilisikia furaha, byote wakati moya. Mu nyumba yetu hakuna muntu alishawahi kuniambia kukimbia kwangu iko na faida.

"Ile fundi ya Kilwa," akasema tena, na sauti ya chini, "mi sikuwa na haraka naye. Nilikuwa ninaombea barabara ibakie mubaya kidogo."

"Kambo."

"Kidogo tu. Bantu bapite, lakini bachelewe."

Fundi alichekea ndani ya mulango. Kumbe alikuwa nasikia.

"Donc niache?" nikamuuliza. "Tuseme fundi alishindwa?"

"Ee, jina yangu isiingie mule," fundi akasema.

"Utengeneze," Kambo akasema. "Motokari haiwezi kulala wazi juu ya miguu ya mwanamuke muzee. Lakini tengeneza polepole. Mi niko muzuri hapa."

Pale, sijue ni nini, ile muntu ya ndani ya kifua yangu alikaa chini. Nilifunga macho. Nilitia payeti, nilipitisha kidole, nilisikia. Ya pili ikalala, ya tatu ikalala. Ya ine ikalala. Na kidole, tofauti unaisikia muzuri kupita na macho, hata kama ni ndogo sawa unywele. Mbili za mwisho zilibadilishana fasi mara moya, na byote saba bikakaa kimya. Jua ilikuwa imeshafika ku mufiniko ya motokari. Kambo alikuwa amemaliza karanga na analala akikaa, sahani ingali ku magoti.

Fundi akapitisha kidole yake. Akairudisha mara ya pili. "Kidole uko nayo," akasema. "Ni kungoya tu njo uko unakosa."

Akarudisha serire mu mulango, akafunga ile waya, akasimama pembeni, mikono nyuma. "Haya, mutakatifu."

Nikapiga magoti juu kamba ifike. Nikaingiza lufungula, nikazungusha. Ndani ya mulango ikalia *ka*, sauti ndogo, kavu. Kabuto ikashuka na ikabakia chini. Nikavuta mukamato: mulango ikakataa. Nikazungusha upande ya pili, ikafunguka. Nikafanya tena. Nilifanya mara sita, paka Kambo akaamuka na kuuliza ni nani eko nabisha hodi.

Pembeni ya tundu kulibakia alama ya jiwe ya mwizi. Fundi alisema anaweza kupaka rangi siku ingine. Mbele ya kupanda velo akaniambia: "Umuambie Papa yako, ile lufungula sikuigusa hata na kucha." Ilikuwa kweli.

Papa alirudia jua ingali kidogo. Hakuuliza kintu. Alinyoosha mukono, nikavula kamba ku shingo mara ya kwanza toka asubuhi. Kamba ilikuwa imeacha alama nyekundu ku shingo yangu, akaiangalia, akatikisa kichwa. Akafunga mulango. Akafungula. Akafunga. Akavuta mukamato na mikono mbili, akazunguka motokari muzima, akarudia kufungula tena sawa kama mi.

"Fundi ya wapi huyu?" akauliza.

"Anakaa hapa hapa, avenue ya tatu. Nitakuonyesha fasi analala."

Alicheka, kintu hafanyaka mingi akitoka kazi. Kiisha akaenda kwa Kambo, akainama, akamukamata mabega.

"Mama, iliisha. Kesho tutaingia pamoja. Sitakuacha tena."

"Ndiyo, baba," Kambo akasema. Aliniangalia mara moya tu, haikuwa ya kuomba, na akaanza kukusanya maganda ya karanga yenye ilishakusanywa.

Nilifungula mudomo. Kambo akapiga fimbo chini, polepole. Nilielewa: nikisema hapa, mbele ya Kambo, Papa atabisha, atapandisha sauti, na ngambo ya ukuta jirani beko nasikia yote. Atasikia haya ya kuambiwa mama yake hataki mukono yake. Basi mi, mwenye siwezi kungoya, nilifunga mudomo, nikaenda kutafuta unga ya kupika bukari.

Sasa niko naandika na vidole inanuka esansi. Kambo alishalala. Kesho asubuhi, wakati Papa eko nachemsha moteri na Kambo angali ndani nakunywa chai, nitaenda ku dirisha yake ya kuume. Nitamuambia: Papa, leo usivuke barabara. Usimame ku upande ya centre, mbele kabisa ya bipandio, mulango yako iangalie kule. Usukume kabuto, ubakie ndani, na uangalie tu, paka Kambo afike yulu. Biko ine. Kiisha, kama unaona ungali na haya, ushuke, ufunge na lufungula yako.

Akibisha, nitabisha.

Na mi, tukifika, nitatangulia mbio kukamata jeton, sawa siku zote, na sitageuka.